Jinsi ya kukamua mafuta mazuri ya zeituni kwenye shamba la familia

Zeituni ikishatoka mtini huanza kuharibika saa ileile. Ngozi inachubuka, maji ya ndani yanakutana na mafuta, vimeng'enya vinaanza kuyavunja mafuta kuwa asidi huria, na bakteria nao wanaingia kazini. Hakuna mashine inayorudisha kilichopotea hapo. Ndiyo maana familia yenye kinu kidogo pembeni mwa shamba inaweza kutoa mafuta yanayoyashinda ya kiwanda kikubwa: inachuma asubuhi, inakamua jioni. Lakini nafasi hiyo inaipoteza mara tu inapochuma kwa pupa kuliko kinu kinavyoweza kula.

Hesabu kabla ya kupanda ngazi

Chukua shamba la mizeituni 300 iliyokomaa, kila mti ukitoa wastani wa kilo 25. Hizo ni kilo 7,500. Kinu cha kilo 100 kwa saa, kikifanya kazi saa 8 kamili, kinakula kilo 800 kwa siku, kwa hiyo msimu wenu wa kukamua ni kama siku 10. Saa 8 hizo ni za zeituni kupita kwenye mashine. Kuosha mitambo kunadai saa moja na nusu nyingine, na isikatwe. Wachumaji wapewe lengo la kilo 800 na wasilivuke, hata kama jua ni zuri na mikono ipo. Kilo 400 za ziada zikilala kwenye kreti, kesho yake hakuna atakayekuwa na moyo wa kuzitupa. Zitachanganywa na mpya, na mzigo mzima utabeba harufu yake.

Kiasi cha mafuta kinategemea aina ya mti, ukomavu na maji yaliyomo kwenye tunda. Tarajia kati ya 12% na 20% ya uzito wa matunda. Kwa 16%, kilo 7,500 zinakupa kilo 1,200 za mafuta. Lita moja ina uzito wa gramu 916 hivi, basi hizo ni kama lita 1,310. Nunua matangi kwa hesabu hiyo, na usinunue moja kubwa. Manne ya lita 300 na mawili ya lita 100 yatakusaidia zaidi, kwa sababu tangi lililojaa nusu lina hewa nusu, na kwa sababu mafuta ya wiki ya kwanza hayafai kuchanganywa na ya wiki ya mwisho kabla hujayaonja. Kumbuka pia kwamba mzeituni una tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika unaofuata, kwa hiyo usipige hesabu za matangi kwa mwaka wa njaa.

Mti wenyewe, kwa ufupi

Mzeituni huzaa kwenye vitawi vilivyokua mwaka uliotangulia. Anayepogoa kwa hasira, akikata nusu ya mti mara moja, anajinyima zao la mwaka ujao na kupata msitu wa machipukizi ya maji yanayokwenda juu bila tunda. Pogoa kidogo kila mwaka baada ya mavuno na kabla ya maua: toa machipukizi yanayosimama wima katikati, fungua moyo wa mti mwanga uingie, na uzuie kimo kisizidi mita 4 ili reki ifike. Mti unahitaji kipindi cha baridi ili utoe maua, na chavua yake hubebwa na upepo; aina nyingi huzaa vizuri zaidi zikiwa na jirani wa aina nyingine.

Adui mkubwa wa mafuta ni nzi wa zeituni, Bactrocera oleae. Jike hutaga yai chini ya ngozi ya tunda, funza hula nyama, kisha hutoka kwa tundu dogo la mviringo. Tundu hilo ni mlango wa hewa na ukungu. Tundika mitego mapema, na wiki chache kabla ya mavuno kata matunda 100 uhesabu yenye funza au tundu. Mti ulioshambuliwa sana uchumwe mapema na ukamuliwe peke yake, mwisho wa siku, ndani ya tangi lake.

Lini uchume

Watu wengi husubiri zeituni iwe nyeusi kwa sababu wanaona mafuta yakiongezeka. Kweli yanaongezeka, ila sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni maji kupungua kwenye tunda. Wakati huohuo polifenoli, zinazotoa uchungu, ukali na uhai mrefu wa mafuta, zinashuka, na tunda laini linachubuka kwa kuguswa tu. Sisi tunapendelea kuchuma mapema kidogo, na kipimo chake kiko wazi.

Chuma kilo moja kutoka miti kadhaa, pande zote nne za kila mti, kimo cha macho. Changanya, hesabu matunda 100 bila kuchagua, kisha yapange kwa madaraja. Kijani kibichi ni 0. Kijani cha manjano ni 1. Kijani chenye madoa mekundu au ya zambarau yasiyofika nusu ya ngozi ni 2. Rangi ikivuka nusu ni 3. Kuanzia hapo ngozi yote imeiva, na itakubidi ulikate tunda: nyama nyeupe ni 4, zambarau isiyofika nusu ya nyama ni 5, iliyovuka nusu ni 6, na iliyogusa kokwa ni 7. Zidisha idadi ya kila daraja kwa namba yake, jumlisha, gawanya kwa 100. Mfano: matunda 20 ya daraja 1, 45 ya 2, 25 ya 3 na 10 ya 4 yanatoa 20 + 90 + 75 + 40, yaani 225, na kipimo ni 2.25.

Kati ya 2 na 3.5 ndipo mafuta yenye nguvu na kiasi cha kuridhisha hukutana. Rudia kila baada ya siku nne au tano. Aina kama Arbequina huchelewa kugeuka rangi, kwa hiyo usizihukumu kwa macho peke yake; minya tunda, na ukiona utomvu wake umekuwa kama maziwa mazito, mafuta yameshaingia.

Punguza maji ya umwagiliaji siku za mwisho, na mvua ikinyesha sana subiri siku mbili tatu. Tunda lililoshiba maji likisagwa hutoa rojo gumu kutenganishwa, na hili linawakuta wengi ambao baadaye hulaumu mashine.

Kuchuma na kubeba

Tandika nyavu chini ya mti, zipandane kwa nusu mita ili tunda lisipenye. Tumia reki ya mkono au ya umeme, ukisukuma kutoka ndani ya mti kwenda nje. Fimbo ya kupigia inavunja vitawi vya mwaka ujao, na kidonda kinachobaki ndimo bakteria wa vijiuvimbe vya mzeituni wanamopenyea, tungeiacha kabisa. Kabla ya kutandika nyavu, okota zilizoanguka zenyewe na uzitoe shambani. Zeituni ya chini imeshaanza kuoza na ina udongo. Ndoo moja tu ya hizo inatosha kuupa mzigo wa siku ladha ya ardhi.

Usitumie magunia. Gunia linakandamiza, halipitishi hewa, na katikati yake joto hupanda kwa sababu matunda bado yanapumua. Ingiza mkono katikati ya gunia lililokaa usiku kucha: utahisi uvuguvugu, na kidole kitatoka na utelezi. Uvuguvugu huo ndio mwanzo wa kasoro ya kawaida ya mafuta ya zeituni, ile harufu ya kitu kilichochacha bila hewa. Tumia kreti za plastiki zenye matundu pande zote na chini, kilo 20 hadi 25 kila moja, kina kisizidi sentimita 30. Zipange kivulini mara tu zinapojaa. Siku ya joto kali chuma alfajiri na asubuhi tu, kwa sababu zeituni inayofika kinuni na nyuzijoto 30 haitaponyeka kwa kukandwa kwa upole.

Kutoka mtini hadi kwenye mashine: saa 24 ndiyo mwisho. Saa 12 ni bora, na saa 6 utaisikia tofauti kwenye pua.

Kuosha na kusaga

Peperusha majani kwa feni kabla ya maji. Majani machache hayadhuru, yakizidi yanaleta uchungu mkavu wa nyasi na kijani cha kudanganya. Osha kwa maji safi yanayobadilishwa; maji yaleyale yakizunguka asubuhi hadi jioni yanageuka tope, na unakuwa unazipaka zeituni uchafu wa zilizotangulia. Acha zichuruze kabla ya kusaga.

Kokwa haitolewi. Inasagwa pamoja na nyama, na vipande vyake husaidia rojo lisiwe zito mno. Kwenye kinu cha nyundo, kinachoamua ni chekeche: matundu ya milimita 4 hadi 5 kwa zeituni za kijani ngumu, milimita 6 kwa zilizoiva. Ukisaga laini kupita kiasi unapasha rojo joto na kuyachanganya mafuta na maji hadi yakashikana. Pima joto la rojo linapotoka, si la zeituni zinapoingia, kwa maana nyundo peke yake hupandisha nyuzi kadhaa. Nyundo zilizolika nazo hupandisha joto. Zigeuze au zibadilishe kabla ya msimu.

Kukanda rojo

Hapa ndipo mafuta yanapopatikana au kupotea. Rojo lililosagwa lina matone madogo mno ya mafuta, na mashine ya kutenganisha haiwezi kuyashika. Kukanda polepole kunayafanya matone yaungane. Mapanga ya beseni la kukandia yazunguke mara 15 hadi 25 kwa dakika, rojo liwe nyuzijoto 25 au zaidi kidogo bila kufika 27, kwa dakika 30 hadi 40. Kanuni za Umoja wa Ulaya huruhusu maneno ya kukamuliwa kwa baridi kwenye lebo pale tu joto lisipofika nyuzi 27, na mpaka huo una mantiki: juu yake unapata mafuta kidogo zaidi, lakini manukato yanaruka na polifenoli zinaungua kwa oksijeni.

Maji yanayozunguka kwenye kuta za beseni yasizidi nyuzi 35. Kosa la kawaida ni mtu kuona rojo limechelewa kupata joto, akafungua maji ya nyuzi 50. Rojo lililogusa ukuta linapikika huku kipimajoto cha katikati kikisoma 24. Chomeka kipimajoto sehemu tatu.

Funga kifuniko. Hewa kidogo inahitajika mwanzoni, kwa sababu vimeng'enya vinavyotengeneza harufu ya majani mabichi hutumia oksijeni, lakini beseni lililo wazi dakika 40 linapoteza zaidi ya linachopata.

Tazama rojo, usitazame saa peke yake. Mwanzoni ni la rangi moja, limefifia, linanata ukutani. Baada ya dakika 15 hivi linaanza kung'aa. Likiwa tayari, mapanga yanapita yakiacha njia ambayo mafuta ya kijani yanajikusanya kama vidimbwi, na ukuta unabaki msafi nyuma yake. Likibaki laini kama mahameli, halina vidimbwi na bado linanata, mafuta na maji yameshikana. Usiongeze joto, usiongeze saa ya pili. Pale sheria ya nchi inaporuhusu, unga wa talki wa daraja la chakula, gramu 10 hadi 20 kwa kila kilo ya rojo, unaowekwa mwanzoni mwa kukanda, huvunja mshikamano huo na kutoka pamoja na mashudu. Kisha rekebisha chanzo: chekeche kubwa zaidi, au uchume baada ya siku mbili za jua.

Kutenganisha

Dekanta, yaani pipa lililolala linalozunguka mara 3,000 hadi 4,000 kwa dakika, hutupa mashudu nje na kuyabakiza mafuta katikati. Ipo ya njia mbili, inayotoa mafuta upande mmoja na mashudu yenye maji upande mwingine, na ya njia tatu, inayotoa mafuta, maji na mashudu makavu. Kwa familia tunashauri ya njia mbili. Haihitaji maji ya kuongeza isipokuwa zeituni zikiwa kavu sana, haioshi polifenoli, na haikuachii maelfu ya lita za maji meusi ya kutafutia pa kwenda.

Jaribio la haraka: shika konzi ya mashudu yanayotoka na uyaminye kwa nguvu. Kiganja kikibaki na unyevu tu, umefanya vizuri. Kikimeremeta mafuta, punguza kasi ya pampu inayoingiza rojo. Ukilisha kilo 80 kwa saa badala ya 100, mafuta yanapata muda wa kujitenga. Wengi hukimbilia maji ya moto hapa, nayo huongeza mafuta leo na kupunguza maisha ya mafuta kesho.

Kuchuja, kuosha, kuhifadhi

Mafuta yanayotoka yana ukungu wa maji na chembe za tunda. Zikiachwa, zinazama, zinachacha chini ya tangi na kutoa harufu ya tope la mtaro. Chuja ndani ya saa 48 kwa kichujio cha karatasi za selulosi. Karatasi mpya zina ladha ya boksi, kwa hiyo lita chache za kwanza ziweke kando. Chumba kikiwa chini ya nyuzi 15 mafuta yanakuwa mazito na kichujio kinaziba. Usipochuja, hamisha mafuta kutoka juu ya mashapo baada ya wiki moja, kisha tena baada ya mwezi, bila kuonea huruma lita zinazobaki chini.

Kila jioni fungua mitambo yote na uioshe kwa maji ya moto na sabuni ya mitambo ya chakula isiyo na harufu, kisha suuza. Rojo la jana lililojificha kwenye kona ya beseni ni chachu ya leo. Mpira wa kupitishia mafuta uzibe ncha zote mbili usiku. Asubuhi fungua ncha moja na unuse. Ukinuka karanga za zamani, tupa mpira huo.

Matangi yawe ya chuma kisichoshika kutu. Shaba na chuma cha kawaida, hata koki moja tu, huharakisha kuharibika kwa mafuta. Jaza hadi juu, au funika nafasi iliyobaki kwa gesi ya naitrojeni. Chumba kiwe na giza na nyuzijoto 14 hadi 18. Chupa ziwe za rangi nzito au makopo, na ujaze kadiri unavyouza: mafuta yanakaa salama tangini kuliko kwenye chupa iliyo rafuni chini ya taa.

Kupima nyumbani kabla ya maabara

Kwa daraja la juu, ekstra vejini, Baraza la Kimataifa la Zeituni lenye makao Madrid linataka asidi huria isiyozidi 0.8%, peroksidi (kipimo cha mafuta yalivyoanza kuharibiwa na oksijeni) isiyozidi 20, na kutokuwepo kwa kasoro yoyote ya ladha au harufu. Peroksidi iachie maabara. Asidi unaweza kuipima mwenyewe.

Vaa glavu na miwani. Weka mililita 50 za ethanoli ya 95% kwenye chupa ya kioo, matone matatu ya fenolftalini (dawa inayogeuka waridi asidi ikiisha), kisha dondosha sodiamu haidroksaidi ya 0.1 N mpaka iwe waridi hafifu. Hapo umeondoa asidi ya ethanoli yenyewe. Ongeza gramu 10 za mafuta, zilizopimwa kwa mizani. Anza kuhesabu upya: dondosha huku ukitikisa mpaka waridi ikae sekunde 10 bila kufifia. Zidisha mililita ulizotumia kwa 0.282. Mililita 1 ni 0.28%, mililita 2.8 ni karibu 0.79%, na hapo uko ukingoni. Zeituni nzima zilizokamuliwa siku hiyohiyo kwa kawaida haziwezi kuvuka 0.3%, zikivuka, rudi kwenye kreti na kwenye matundu ya nzi.

Asidi ndogo haimaanishi mafuta matamu, kwa hiyo onja. Mimina mililita 15 kwenye glasi ndogo, ifunike kwa kiganja, ipashe joto kwa mkono mwingine mpaka karibu nyuzi 28, kisha funua na unuse mara moja kwa nguvu. Tafuta majani mabichi, nyanya, tufaha, tunda. Siki inasema zeituni zilichacha. Ukungu, kwamba zilikaa na unyevu. Karanga za zamani, kwamba hewa iliingia. Meza kidogo huku ukivuta hewa katikati ya meno. Uchungu ulimini na ukali unaokukohoza kooni ni dalili za polifenoli, si kasoro, na mnunuzi anayelalamika aelezwe hivyo.

Mashudu

Mashudu ya njia mbili yana maji zaidi ya nusu ya uzito wake, na yakimwagwa mabichi shinani yanaunguza mizizi. Maji yake yakifika mtoni yanaua samaki. Changanya na majani makavu yaliyokatwakatwa au mabua, sehemu sawa kwa ujazo, ongeza samadi kidogo kwa ajili ya naitrojeni, na upindue rundo kila wiki mbili. Baada ya miezi sita hivi, likiwa limepoa na linanuka udongo, lirudishe chini ya mizeituni. Majani yaliyopepetwa ni chakula kizuri cha mbuzi, lakini usiwape kondoo kama mti ulipulizwa dawa ya shaba msimu huo: kondoo hawaivumilii shaba.

Kabla ya kufunga kinu, jaza chupa mbili ndogo za giza kutoka kila tangi, ziandike tarehe ya kuchuma, sehemu ya shamba, kipimo cha ukomavu na asidi, uziweke pamoja na mafuta mengine. Moja ifungue baada ya miezi sita, nyingine baada ya kumi na miwili, uonje sambamba na maandishi yake.